Sufuria ya Sharifa

Bulaimu hakuwa na mizani, hakuwa na chupa za kupimia, hakuwa na asidi wala umeme, na digrii hakuwa nayo. Alikuwa mtunza maabara tu, aliyesoma masomo ya jioni. Lakini vita vilikuwa vimekata reli, maprofesa wamekimbia, na wanafunzi kumi na mmoja wa kemia wamekwama Kindu wakimtazama yeye.

"Basi," akawaambia, "tutaipika hiyo kemia."

Wakachoma maganda ya ndizi, wakachuja maji ya majivu ili wayachemshe na mafuta ya mawese. Mji mzima haukuwa na sabuni. Kwa haraka yake, Bulaimu aliyateleka maji yale katika sufuria ya alumini ya mkewe, Sharifa. Maji ya majivu yakaila alumini, yakaitoboa.

"Mwalimu, leo utalala nje!" Mukendi akacheka. Huyo ndiye mwanafunzi aliyekuwa na akili kuwashinda wote, na alikuwa akila kwa Sharifa kila siku.

Bulaimu akaliandika kosa lake katika daftari alimoandika masomo yao yote. Wakarudia kwa chungu cha udongo, na wiki ile ile wakanawa kwa somo lao.

Vita vilipokwisha, Mukendi akaenda kusoma mbele. Bulaimu akampa lile daftari. "Likufae. Mimi masomo yake nayajua kwa kichwa."

Mwaka huu Mukendi amerudi profesa, na kitabu mkononi: jinsi ya kufundisha sayansi kwa vitu vya jikoni. Siku ya kukizindua, Bulaimu alikifungua akitafuta jina lake. Jaladani halikuwemo. Kwenye shukrani halikuwemo. Ukurasa wa thelathini akasoma: "Wakati wa vita niliitoboa sufuria ya mke wangu."

Akamngoja mlangoni.

"Prof, ule bibi yako wa wakati wa vita njo nani? Ulikuwa na miaka kumi na tisa, hujaoa bado."

Watu wakaangua kicheko. Mukendi akamvuta kando. "Papa, usiniaibishe. Tangu lini boyi wa labo anaandika kitabu?"

Neno lile la kumwita mtumishi halikutoka kwa adui. Lilitoka katika kinywa alichokilisha.

Nyumbani akamwandikia mkuu wa kitivo. Hakuomba kitabu kizuiwe, maana wanafunzi walikihitaji. Aliomba jina lake litiwe humo, akataja wenzake Mukendi wawili waliosoma siku zile na ambao wangali Kindu, waulizwe. Chini akaandika: Nakala kwa Profesa Mukendi, kwa taarifa. Akatia sahihi, akaipaka bahasha gundi, akaifunga, akaenda kumkabidhi sekretari wa kitivo mkononi.