Kikombe cha Kaka Mtu

Kaburi la mzee halijakauka, kaka mtu keshaleta mtu wa kurithi birika. Mkavu wa macho kweli. Alisimama asubuhi mbele ya kibanda cha kahawa, mabenchi yote mawili yamejaa wanywaji, na pembeni yake jamaa mmoja mrefu, muuza kahawa wa soko la pili, akitazama viatu vyake.

"Mdogo wangu," kaka mtu akasema, "acha hilo jiko, urudi nyumbani. Mwanamke hakai mbele ya wanaume akawamiminia. Huyu ndiye atakayeshika nafasi ya baba."

Kitindamimba hakuacha kitu. Ni yeye aliyekuwa akiikaanga na kuitwanga kahawa ile tangu magoti ya baba yaanze kumsumbua. Mzee alibaki kupiga soga na kupokea sifa. Leo birika liende kwa mtu baki, kisa yeye anavaa gauni? Akapepea makaa, akasuuza vikombe, akamimina kuanzia mwisho wa benchi, kila mtu kwa zamu yake.

"Nasema na wewe," kaka mtu akasema, akijibanza kwenye benchi. "Au siku hizi umeota mapembe?"

"Nimeota, kaka. Yaangalie vizuri."

Benchi zima likacheka. Kaka mtu akamwaga maneno: heshima ya ukoo, watu watasema nini, nani atamwoa. Zamu ikamfikia. Mkono, kwa mazoea ya miaka yote, ukajinyoosha wenyewe. Akapokea kikombe, akapiga funda, akaendelea kufoka. Fundi viatu mmoja, mnywaji wa kila siku pale, akaguna. Watu wakakikodolea macho kile kikombe.

Pale kibandani kuna sheria moja, na aliiweka mzee mwenyewe: mwenye ugomvi na anayemimina hanywi mpaka ugomvi uishe. Ukitaka kugombana, gombana na mdomo mkavu. Ukishakunywa kilichotoka mkononi mwake, umemkubali, na maneno yamekwisha. Watu wazima na ndevu zao wamewahi kushinda na kiu ili ugomvi wao usife.

"Imekwisha hiyo," fundi viatu akasema. "Umekunywa."

Kaka mtu akakitazama kikombe kana kwamba kimemuuma. "Nilijisahau tu. Haihesabiki."

Mwingine hapo angepiga vigelegele. Kitindamimba hakutaka. Apewe haki yake kwa bahati, kesho aambiwe aliiba? Thubutu.

"Kweli, haihesabiki," akasema. Akakichukua kikombe, akamwaga kilichobaki, akakisuuza, akakijaza tena mpaka ukingoni na kukiweka mbele ya kaka yake. "Kaka, nakuheshimu, lakini hapa siondoki. Hiki kinywe kwa hiari yako. Usipokinywa, kesho utanikuta, na keshokutwa utanikuta. Ukizima moto, nitauwasha."

Kaka mtu akakunja mikono. Kitindamimba aliogopa, asikudanganye mtu. Ila birika hakulitua.

Ndipo yule jamaa mrefu akainama, akakichukua kile kikombe. Akaonja, akatulia kidogo, kisha akakimaliza chote.

"Bwana, uliniambia nafasi iko wazi," akamwambia kaka mtu. "Mbona ina mwenyewe?"