Kofia ya Fergus na Wanyama Wake

Noelene alipoikuta kofia juu ya meza ya jikoni, aliweka kwanza kikombe chake cha chai chini, ndipo akacheka.

"Hii ni kofia au zizi?"

Tegan, mke wa mwanawe, hakumjibu kwa sababu alikuwa amebana pini kwa midomo. Kofia yenyewe ilikuwa ya kitambaa kizito cha buluu, na ukingo wake ulikuwa mpana pande zote. Juu ya ukingo walikaa wanyama watatu wa manyoya aliowashona kwa mkono: wombati mnene kama dubu mdogo, kasuku wa rangi ya waridi, na bilbi, yule mnyama wa jangwani mwenye masikio ya sungura na pua ya panya. Kila mmoja alishikizwa kwa kipande cha utepe wa kunasa, ule unaolia krrr ukiubandua.

"Wanatoka," Tegan alisema alipomaliza na pini. "Anamtoa anayemtaka, anacheza naye, anamrudisha. Sharti avae kofia, basi."

"Sisi tulivaa kofia kwa sababu tuliambiwa tuvae kofia."

"Na Fergus ameambiwa mara ngapi, Noelene?"

Noelene akainua kikombe chake. Mjukuu wake alikuwa ameambiwa na kila mtu mjini Wallambi. Alikuwa mtoto wa miaka mitano, mwenye nywele nyekundu na ngozi inayobabuka kabla hujamaliza kuanika nguo. Shuleni sheria ilikuwa moja: bila kofia, hakuna kucheza. Tangu muhula uanze Fergus alikuwa akikaa barazani kila mapumziko, akiwatazama wenzake uwanjani, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua Noelene ni njia ya kwenda shule na kurudi, na mto siku za Jumamosi, ambako hakukuwa na baraza. Mumewe, Merv, aliishi juu ya trekta bila kofia ya maana. Saratani ya ngozi ilianza kama doa dogo sikioni. Wakamkata sikio, kisha wakamzika.

Kwa hiyo alitaka mtoto avae kofia kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Lakini alitaka avae kofia tu, basi. Haya mengine aliyaona ni mambo ya akina mama wa siku hizi, wanaombembeleza mtoto hata apige mswaki.

"Zizi tupu," alirudia, akamwinua bilbi kwa masikio. "Na huyu kakosa nini hata akafungwa?"

Fergus alikuwa chini ya meza na lori lake. Wanawake wote wawili walikuwa wamemsahau.

Siku ya gwaride la kofia za Pasaka, ambapo mtoto mwenye kofia iliyopambwa vizuri zaidi shuleni hupewa zawadi, ilifika na joto la kukausha ulimi. Noelene alikuwa amehudhuria magwaride mengi, ya mwanawe na ya watoto wa majirani, akapiga makofi kama wengine wote bila kufikiri sana. Safari hii alisimama nyuma ya kamba, soseji na mkate mkononi, akatazama vizuri.

Shule ambayo mwaka mzima ilimkemea mtoto asiye na kofia, leo ilikuwa imewatoa watoto wote uwanjani saa sita mchana wakiwa wamevaa sahani za karatasi vichwani. Mmoja alikuwa na masikio ya sungura yaliyobandikwa kwenye mshipi wa nywele, yaani hakuvaa kitu. Mwingine alibeba kiota kizima, na gundi ilikuwa inamtiririka shingoni. Saskia Asquith alivaa mnara wa mayai ya chokoleti. Mama yake, Corinne, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alikuwa amemweleza kila aliyepita karibu naye kwamba mtoto kautengeneza mwenyewe, peke yake, hata mkasi hakusaidiwa kushika. Mtoto mwenyewe alitembea kama amebebeshwa ndoo, hawezi kugeuza shingo. Na walimu walisimama chini ya turubai, kila mmoja na kofia yake pana, wakipiga picha.

Katika mstari mzima ni uso mmoja tu uliokuwa kivulini, wa Fergus. Noelene aliliona hilo, wala hakulifurahia, maana kofia ilikuwa ile ile aliyoicheka.

Corinne alipita akikagua, kipaza sauti mkononi. Akafika kwa Fergus, akainamisha kichwa upande.

"Haya, na huyu je? Fergus mpenzi, hii si kofia ya kila siku tu? Hawa wanyama wanatafuta nini humo?"

Fergus akamjibu kwa adabu, kipaza sauti kikiwa mbele ya mdomo wake: "Bibi amesema ni zizi."

Uwanja mzima ulicheka. Watu kadhaa wakamgeukia Noelene, na mzee mmoja akamwinulia kidole gumba, kumpongeza kwa utani wake. Fergus aliwatazama waliokuwa wakicheka. Akaivua kofia, akaitupa. Wombati alibanduka akabingirika mpaka miguuni mwa Saskia.

"Sivai tena," alisema.

Tegan, aliyekuwa akigeuza soseji kwenye jiko la kamati, alisimama na koleo hewani. Noelene akavuka kamba.

"Noelene, wazazi nyuma tafadhali," kipaza sauti kikasema.

"Corinne, angalia mayai yako, yanadondoka."

Aliokota kofia, akaokota wombati, akampangusa vumbi. Shingo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu.

"Vaa, kijana."

"Zizi."

"Nilisema upuuzi. Vaa."

"Wanacheka."

"Wacheke. Wamevaa nini wao?"

Lakini mtoto wa miaka mitano humshindi kwa hoja. Noelene alisimama katikati ya uwanja, akiona aibu, na akiona pia kwamba aibu hiyo ni yake kwa haki. Akambandua bilbi, krrr, akajaribu kumweka juu ya kofia yake mwenyewe ya nyasi. Utepe haukunasa. Akamchomeka miguu chini ya ukanda wa kofia.

Kicheko kikaanza upya, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Bibi, umemgeuza," Fergus alisema. "Anatazama nyuma."

"Basi mtengeneze."

Ikabidi apige magoti kwenye nyasi kavu. Fergus alimgeuza bilbi polepole, ulimi nje.

"Usitikise kichwa, ataanguka."

"Na akianguka nitajuaje?"

Fergus akafikiri. "Mimi nitakaa nyuma nimwangalie."

"Na jua hili machoni? Utaona nini?"

Mtoto aliangalia juu, akafumba jicho moja, akafikiri tena. Kisha akaichukua kofia mkononi mwa bibi yake, akaivaa mwenyewe, akambandika wombati mbele. "Twende," alisema. "Polepole."

Wakaenda. Noelene Hatch, ambaye hakuwahi kuvaa hata ua kanisani, alizunguka uwanja wa shule na panya wa manyoya kichwani, shingo imenyooka. Alipita mbele ya wale waliocheka na kuwatazama mmoja mmoja, wao na watoto wao waliokuwa wakiiva kama kamba wa baharini sufuriani. Mzee wa kidole gumba alipata kazi ya ghafla kwenye soseji yake.

Zawadi ilitangazwa wakiwa upande wa pili. Saskia ameshinda. Makofi yakapigwa.

"Bibi, wametushinda."

"Nani katushinda?"

"Yule."

"Mtazame vizuri."

Chokoleti ilikuwa imefika kwenye nyusi za Saskia na inaendelea kushuka. Corinne alimfuta kwa skafu yake, huku akiwaambia watu kwamba ni kazi ya mtoto mwenyewe. Fergus alimtazama kwa muda mrefu kutoka chini ya ukingo wa kofia.

"Bibi," akasema kwa sauti ya chini, "anayeyuka."

"Usisimame. Mnyama wangu vipi?"

"Yupo."

Watoto wengine walikuwa wameshaambiwa waende kivulini. Wao wakaanza mzunguko wa pili.