Ngamia Wasio na Nundu

Walipita mbio mbele ya uwanja wangu, watoto wa mtaa wa Chechelesi kundi zima, wengine wamejifunga leso nyeusi usoni, wengine wamepanda vijiti na kujichapa mapaja ili waende kasi. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Mimi nimesimama katikati ya ngamia wangu wa mbao na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, hina mpya vidoleni, nguo ya sikukuu mwilini. Ilikuwa Idi pili, jamani! Siku ambayo miaka yote ningekuwa nawafukuza wanaotaka kupanda tena na tena bila kuwapa wenzao zamu.

"Wanaenda kwa Rimberia," akasema Ekidor.

"Nina macho."

"Nilidhani hujaona, mama."

Ekidor alikuwa Mturkana mwenye mabega mapana. Kazi yake ilikuwa kusukuma mti wa bembea, ule mti mrefu uliotoka katikati na kuzungusha ngamia wote kwa pamoja. Kazi yake nyingine, ambayo sikumwajiri kuifanya, ilikuwa kunichokoza.

Leo ukiwaambia watu kwamba Isiolo ya vita vya Shifta, serikali ilipokuwa ikiwasaka waasi porini, ilikuwa na viwanja viwili vya kuchezea, wanakucheka. Mji wenye vizuizi vya askari kila upande, mji wa kafyu, utacheza nini? Lakini watu waliobanwa mahali pamoja hutafuta pa kutolea pumzi. Malori ya Merti yalikuwa yakisafiri kwa msafara, yakisindikizwa na bunduki, na waliofika mjini hawakurudi upesi. Siku za sikukuu walivaa vizuri wakaja kwangu, karibu na msikiti, wakawapandisha watoto wao kwenye ngamia aliowachonga marehemu mume wangu Jirma.

Jirma alijifunza useremala Nanyuki kwa fundi wa Kihindi. Aliporudi alinunua mbao za mwangati, akakaa nazo uani msimu mzima, na kila ngamia aliyemchonga alimpa jina la ngamia halisi wa babake. Alijua shingo inavyopinda mnyama akiwa amechoka na inavyopinda akiwa na hasira. Mdomo wa juu aliupasua katikati kama wanavyoumbwa. Homa ilimchukua kabla mambo hayajaharibika nchini, na mimi nikabaki na uwanja, bembea na ngamia. Sikuwa na kingine, na sikutaka kingine.

Bedan Rimberia alikuwa Mmeru aliyeshuka kutoka milimani na mke, jembe na akili ya biashara. Uwanja wake ulikuwa upande wa soko. Mwanzo ulikuwa na bembea chache za kamba, na mimi nilimhurumia, nikamtumia hata chai. Ndipo lilipokuja gari la sinema.

Kampuni fulani ya sabuni ililileta. Kwa sababu ya kafyu, sinema ilionyeshwa mchana ndani ya ukumbi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, watu wamejazana wanatoka jasho. Ilikuwa hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande, na kila gari likija lilileta kipande kingine. Ilihusu mpanda farasi mmoja ambaye watoto walimwita Kofia Nyeusi, kwa kuwa lugha aliyosema hawakuielewa lakini kofia waliiona. Katika kipande cha kwanza alipanda farasi mweupe. Wiki hiyohiyo, nakwambia wiki hiyohiyo, Rimberia akafungua mlango wake na farasi weupe wa mbao wamejipanga.

Nikasema sawa, ana bahati. Nikakusanya vibao, nikaanza kutengeneza farasi mmoja. Kabla rangi haijakauka, kipande cha pili kikaja: Kofia Nyeusi anaruka juu ya gari moshi. Siku iliyofuata Rimberia ana gari moshi la mapipa linalovutwa kwa kamba, na mlio anauiga mwenyewe kwa mdomo. Nikaacha farasi, nikatafuta mapipa. Kipande cha tatu kikaja na daraja la kamba juu ya korongo. Wee! Nilipokuwa narudi nyumbani kutoka ukumbini nilikuta daraja limeshatundikwa kwa Rimberia, watoto wanapiga mayowe juu yake.

"Huyu mtu ni mchawi," nikasema.

"Si mchawi," akasema Ekidor. "Dereva wa gari la sinema ni shemeji yake. Picha zinaonyeshwa Meru kwanza. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua na mimi sijui?"

"Wewe hukuuliza."

Nilitaka kumrushia birika. Nilikuwa nimekimbia mwezi mzima nyuma ya mtu aliyeanza safari kabla yangu, halafu najilaumu kwa kuwa mzito wa miguu.

Siku chache baada ya Idi ile mbaya, ofisa wa serikali alikuja uwanjani. Alikuwa kijana mpole, kaptura imepigwa pasi, na hakupenda kazi aliyotumwa. Alizunguka ngamia wangu, fimbo yake chini ya kwapa.

"Mama Kaltuma, hali ya hatari haitaki mikusanyiko miwili," akasema. "Nimeambiwa nifunge uwanja mmoja. Nitakuja Jumamosi ya sinema nitazame. Wenye watu ndio utabaki."

"Na usio na watu?"

"Bembea itang'olewa." Akagusa shingo ya ngamia mmoja, akaondoa mkono upesi. "Halafu, mama, nakwambia kwa wema tu. Hawa ngamia. Siku hizi mtu akiona ngamia anawaza mambo ya porini. Farasi hana neno."

Usiseme nilifikiri. Sikufikiri. Nilikuwa na hasira na Rimberia, hasira na yule kijana na kaptura yake, hasira na Jirma aliyekufa akaniachia mzigo wa kuulinda. Bembea ikishang'olewa ngamia watakuwa kuni, nilijua hivyo. Basi nikaamua kuwaokoa. Nikamwambia Ekidor alete msumeno.

"Wa nini?"

"Tunawakata nundu. Tunawapaka chokaa, tunawabandika singa za katani. Watakuwa farasi."

Mzaha wote ulimtoka usoni.

"Mama, mimi ni Mturkana. Ngamia nimewahi kuiba, Mungu anisamehe. Kumkata nundu, hapana."

"Basi lete msumeno ukae mbali."

Nikakata mwenyewe. Mwangati ni mgumu, na harufu yake ikitoka inajaza kichwa, harufu ileile iliyokuwa kwenye shati la Jirma kila jioni. Nilikata huku nalia na huku namtukana. Nilimwuliza kwa nini hakuchonga farasi tangu mwanzo. Nilipomaliza, migongo yote ilikuwa bapa, nami nimepata malengelenge viganjani. Nikapaka chokaa, nikabandika katani. Kwa mbali, ukifumba jicho moja, walikuwa farasi.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Nilikaa nyuma karibu na akina mama wengine. Nilijua watoto wakitoka pale watachagua, na ofisa atahesabu vichwa. Taa ikawaka kwenye kitambaa. Mchanga. Mchanga mtupu, vilima na vilima vya mchanga. Halafu akatokea Kofia Nyeusi, yu juu ya ngamia.

Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Watoto wa Kiborana na wa Kisomali walisimama juu ya viti wakipiga kelele, "Wetu! Wetu!" Mama mmoja aliyekaa kando yangu alinipiga begani kwa furaha, akisema, "Kaltuma, leo umepata!" Nikatoka nje. Nilishikilia ukuta, nikacheka kicheko ambacho hakikuwa na raha hata kidogo.

Kwa Rimberia, bila shaka, ngamia walikuwa tayari. Nilipita pale makusudi, nijiumize vizuri. Walichongwa na mtu ambaye hajawahi kumkaribia ngamia: miguu imenyooka kama ya meza, nundu imekaa karibu na shingo. Watoto hawakujali. Walikuwa wanagombania kupanda.

Rimberia akaniona, akaja akijifuta mikono. "Habari ya mchana, mama."

"Nzuri ya wapi, Bedan?"

Alitazama chini. "Nilisikia umekata. Ningejua, ningekwambia. Haki ya Mungu, biashara ni biashara, lakini hilo ningekwambia."

"Ungeniambia?"

Akajifuta tena mikono ambayo ilikuwa imeshakauka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu niliona hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha na shemeji kwenye gari la sinema. Hata kumchukia nilishindwa.

Uwanjani kwangu watoto wachache walikuwa wamekuja, wakatazama, wakaanza kucheka. "Punda! Punda wa Mama Kaltuma!" Wakaondoka wakijichapa mapaja. Ekidor alikaa kwenye mti wa bembea, na kwa mara ya kwanza nikatamani anichokoze.

Ndipo alipoingia mtu mmoja akimshika mkono binti yake mdogo. Jina lake Wako, nilimfahamu kwa sura tu. Alikuja mjini na msafara wa malori kutoka upande wa Merti, wakafikia kwa jamaa zao hapo Chechelesi. Alikuwa mfugaji mkubwa. Ngamia wake waliswagwa wakati wa msako wa askari, wengine wakapigwa risasi, waliobaki wakafungiwa zizini bila maji hadi wakaisha. Watu walisema tangu wakati huo hazungumzi sana.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam, karibu. Lakini leo hakuna kitu hapa cha kumfurahisha mtoto."

Alikuwa amemwendea ngamia wa kwanza. Aliweka kiganja mahali nilipokata, akakipitisha taratibu mgongoni, mbele na nyuma, kama mtu anayepapasa mgonjwa. Binti yake, Kabale, akamwuliza kwa sauti ndogo:

"Aba, huyu nundu yake imekwenda wapi?"

"Ameila," akasema Wako. "Ngamia akikosa malisho, nundu inaanza kulala upande. Akikosa zaidi, anaila yote, mgongo unabaki hivi." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hivi ndivyo nilivyowaona wangu mara ya mwisho. Nani alikwambia?"

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba niliwakata kwa woga na kwa tamaa ya kuvuta watoto wa watu uwanjani, lakini alikuwa ameshainua mguu. Mtu mzima, mwenye mvi, akapanda bembea ya watoto mbele ya watu. Akampakata Kabale, akashika singa za katani, akazing'oa akazitupa.

"Sukuma," akamwambia Ekidor.

Ekidor akasukuma. Sijui nani alikwenda kusema, lakini walianza kuja: wanaume waliokuwa wakikaa tu kwenye vibaraza vya Chechelesi bila kazi, akina mama waliokuja na malori, mmoja mmoja. Hawakupiga mayowe. Walipapasa migongo, wakapanda, wakazunguka wakitazama mbele. Chokaa iliwachafua nguo nao hawakujikung'uta. Bibi mmoja alimwita ngamia wake kwa jina, jina ambalo Jirma hakuwahi kumpa, na akamsimulia jambo kwa sauti ya chini mzunguko mzima. Ilipofika saa ya alasiri uwanja wangu ulikuwa umejaa, na kulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mayowe ya watoto kule kwa Rimberia.

Ofisa alikuja na askari wawili. Alisimama langoni, na nikaona jinsi kimya kile kilivyomtia hofu. Hakuna aliyeshuka. Ekidor alisimamisha bembea, si kwa kuogopa, bali kwa kuwa hakujua nataka nini.

"Mama Kaltuma, hapa kuna nini?"

"Watu wanacheza, bwana ofisa. Uliniambia wenye watu ndio utabaki."

"Huku si kucheza." Akanivuta kando, akashusha sauti. Alikuwa anajaribu kunisaidia, na hilo nalikumbuka. "Wale wa Rimberia ni ngamia wa sinema, kila mtu ameona ni sinema. Hawa wako nimeambiwa umewafanya farasi. Basi sema ni farasi. Sema mbele ya askari hawa, niende niandike ni farasi, na uwanja ubaki. Nitamalizana na Rimberia."

Niliangalia kwenye bembea. Miguu ya wanyama ilikuwa ya ngamia, midomo ilikuwa ya ngamia, shingo zilipinda kama za ngamia waliochoka. Kabale alikuwa ameegemeza shavu kwenye mgongo ule bapa. Wako alikuwa akinitazama. Wote walikuwa wakinitazama, na hakuna aliyeniomba kitu. Nilichohitaji kusema kilikuwa neno dogo, neno ambalo nilikuwa nimelipigania kwa msumeno hadi viganja vikachubuka.

"Mama," akasema ofisa kwa sauti, ili askari wasikie, "hawa ni wanyama gani?"

"Ni ngamia," nikasema. "Walinyimwa maji."

Akafumba macho kidogo. Mmoja wa wale askari akasogea mbele. Mimi nikaenda kwenye mti wa bembea, nikamwondoa Ekidor pale kwa bega, nikaukumbatia kwa viganja vyangu vibovu, nikasukuma. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Ekidor akaweka mikono yake karibu na yangu, na bembea ikaanza kuzunguka.