Matundu Kumi na Mawili

Simu ilimkuta fundi wa matairi amepiga magoti karakanani, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Akaibana kati ya bega na sikio. Aliyepiga alikuwa dereva wa lori la pili, na alikuwa akihema.

"Dada, lori la mbele limelala ubavu. Tairi la kushoto limechomoka kwenye rimu. Kobe amevunjika mkono."

Kobe alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Jina hilo alibandikwa na madereva wenzake, maana tangu ashike usukani hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Walimtania kwamba hata kuku wakimpita barabarani humpungia mkono.

Malori ya kampuni yao yalibeba mabomba ya visima kupeleka kusikokuwa na barabara. Yakifika kwenye mchanga, madereva hupunguza upepo ili matairi yatanuke yasizame. Tatizo ni kwamba upepo huohuo ndio unaolibana tairi kwenye rimu. Ukishapungua, mdomo wa tairi, ule ukingo wake wa ndani, hulegea, na kona moja tu inatosha kuuchomoa. Kwa sababu hiyo fundi alitengeneza pete za chuma za kuubana mdomo huo, kila pete boliti ishirini na nne. Alizikaza mwenyewe, moja huku, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo mpaka pete ikae sawasawa. Kwa miaka miwili hakuna tairi lililochomoka.

Lori lilivutwa hadi karakanani kesho yake asubuhi. Fundi hakungoja lishushwe vizuri. Alichuchumaa mbele ya ile rimu, akapitisha kidole kwenye pete, tundu baada ya tundu. Boliti, tundu. Boliti, tundu. Matundu kumi na mawili yalikuwa matupu, na ndani yake mlikuwa na vumbi lililoshikana. Hizo boliti hazikukatika njiani. Zilikuwa zimefunguliwa kwa spana. Kati ya tundu na tundu, pete ilikuwa imejikunja kama mfuniko wa kopo.

Wiki iliyotangulia alikuwa kitandani na homa. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye lori jipya, lililofungwa pete yeye akiumwa na sasa limerudi uani. Boliti zake zilikuwa pale; alizijua kwa alama ya rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe. Akarudi kuichukua ile rimu.

Ofisini, binamu yake, mtoto wa shangazi yake na msimamizi wa karakana, alikuwa akimsomea meneja ripoti. "Dereva alikata kona kwa kasi kupita kiasi..."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Fundi aliingia akiiviringisha rimu, ikaacha mstari wa tope sakafuni mpaka kwenye meza ya meneja.

"Kasi?" alisema. "Kobe? Rudia tena, kaka, nisikie vizuri."

"Dada, tuko kwenye kikao."

"Mkurugenzi wa vikao! Hesabu haya matundu. Hesabu!"

Meneja akainama, akahesabu kimyakimya. Msimamizi akashusha sauti. "Tusivuane nguo mbele ya watu. Haya ni mambo ya kuzungumza nyumbani."

"Nguo umejivua mwenyewe. Ulitoa boliti zangu ukazifunga kwenye lori jipya, halafu ukamwandikia mtoto wa mjomba wako kwamba ni mzembe. Amelala hospitali na vyuma mkononi!"

"Lori jipya lilitakiwa kuondoka siku ileile, boliti zikapungua kumi na mbili. Nikaona zile kumi na mbili zilizobaki kwa Kobe zinatosha." Alijipangusa uso. "Na usinitazame hivyo. Muulize mdogo wako. Aliyaona matundu, nikamwambia aende hivyohivyo, akakubali."

Fundi akaiacha rimu palepale. Akatoka bila kufunga mlango.

Hospitalini alimkuta Kobe ameketi, mkono umening'inizwa shingoni.

"Ulijua?"

Kobe akatazama shuka. "Nilijua."

"Ukaondoka."

"Nilimwambia boliti hazijatimia. Akasema watu wanasubiri maji, nisimwangushe, sisi damu moja. Wewe ulikuwa mgonjwa. Nikaona nikikataa utasikia, na mtagombana."

"Kwa hiyo bora ufe kuliko tugombane?"

"Dada..."

"Nyamaza! Tungegombana, ndiyo. Tungepigiana kelele mpaka paa linyanyuke. Halafu ungeondoka na boliti ishirini na nne!" Muuguzi akachungulia mlangoni. Fundi akaunyakua mto, akaupiga makofi mawili makubwa, kisha akaurudisha nyuma ya mgongo wa mdogo wake, sawasawa, asiumie.

Ile ripoti ilichanwa. Binamu akaondolewa karakanani akapelekwa ghala la vipuri, na funguo za malori yote zikakabidhiwa kwa fundi. Shangazi alikuja nyumbani Jumatano, akakaa kwenye kiti bila kuvua mtandio.

"Mwanangu, mmelala kitanda kimoja utotoni. Yaishe."

"Shangazi, nakuheshimu. Lakini aliyevunjwa mkono si mimi. Na ameitwa mzembe mbele ya watu; basi asafishwe mbele ya watu."

Ijumaa, madereva wakiwa wamekusanyika uani, binamu alisimama kando ya pampu ya upepo. "Boliti nilizitoa mimi," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Kobe hakukimbia. Nimemkosea."

Kobe akampa mkono ule mzima, upesi, akitabasamu, tena akamuuliza habari za watoto. Wepesi huo nao ukamkera fundi. Yeye hakutoa mkono wake. Alimwitikia binamu yake salamu kama mtu anavyoitikia mpita njia, akarudi kwenye kazi.

Dereva wa lori jipya alikuja kuchukua ufunguo. Fundi akamwonyesha gurudumu.

"Hesabu kwanza. Kwa kidole, na kwa sauti."

"Dada, nimechelewa, na wewe umeshazifunga mwenyewe!"

"Nimezifunga. Hesabu."

Dereva akanuna, akachuchumaa, akaanza: moja, mbili, tatu.

"Nuna tu," alisema fundi, akiutia ufunguo mfukoni. "Lakini uyamalize magurudumu yote manne."