Kopo la Rafu ya Juu

Juu ya kioo cha saluni, msusi alikuwa amebandika tangazo aliloliandika kwa mkono wake: NYWELE ZIKISHATIWA DAWA HAZIRUDI ZILIVYOKUWA. USIBISHANE NA MSUSI. Alilibandika siku alipokuja mteja analia, kichwa kinanuka mayai viza, eti shoga yake kamwambia mayai yatamrudishia kipilipili chake. Msusi alicheka mpaka akakaa chini. Miaka thelathini yuko kwenye kazi hii, na hapakuwa na uongo wa nywele ambao hajawahi kuucheka.

Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi, naye amesimama nyuma ya mjukuu wake mwenyewe, anampaka mayai kichwani.

"Bibi," alisema mtoto, ambaye kwa mdomo wake usiofunga aliitwa Chiriku, "pale ukutani pameandikwa hazirudi."

"Soma kimoyomoyo."

Mambo yalianza Jumatatu. Binti wa msusi alikuwa anakwenda semina ya kazi hadi Jumamosi, akamwacha Chiriku kwa bibi yake, mara ya kwanza tangu azaliwe, miaka saba. Na hiyo mara ya kwanza msusi aliipata kwa kubembeleza sana. Mlangoni binti alitoa sharti moja: "Mama, nywele zake usizitie dawa. Ukizitia, humpati tena."

Msusi akaapa, na aliapa kwa nia safi kabisa. Ila Jumanne chanuo la kwanza likavunjika kwenye nywele za mtoto, la pili likang'oka meno matatu, mtoto akapiga yowe, na mkono uliozoea ukapanda kwenye kopo la dawa la rafu ya juu bila kumuuliza mwenyewe. Alipozinduka, alikuwa anasuuza. Nywele zilikuwa zimelala chini, zimetulia kama zimekaripiwa.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na wa msusi alikuwa amekaa kitini anajitazama kwenye kioo, anauliza kama sasa anafanana na mtangazaji wa taarifa ya habari.

Mganga hajigangi. Mchana ule ule msusi alitoka kuzunguka kwa majirani, akijidai kuna mteja anayetaka nywele zake za zamani zirudi. Muuza mayai akamhakikishia kwamba ni mayai, sita, na yawe ya leo. Mwenye duka akasema mayai yamepitwa na wakati, siku hizi ni mayonezi, tena ile chupa kubwa. Mama wa chai akaapa ni chai ya rangi, iliyokolea, ndoo nzima. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, msusi alilijua hilo vizuri, na bado alinunua vyote.

Mayai ya Jumatano aliyasuuza kwa maji ya moto kupita kiasi, yakaiva humo humo kichwani. Alishinda kutwa anachambua vipande vyeupe. Mayonezi ya Alhamisi yaliwaita nzi, wakaja na koo zao. Ijumaa alimwaga chai, na Chiriku akalamba tone lililoteremka puani.

"Bibi, hii ina sukari."

Ilikuwa na sukari. Mama wa chai naye alikuwa na mkono uliozoea.

Hadi jioni nywele zilikuwa vile vile, zimenyooka, zinang'aa, na sasa zinanata. Msusi akaachana na uganga, akarudi kwenye ufundi. Alichukua rola nyembamba kabisa, zile za unene wa kalamu, akazungusha themanini na mbili, akamkalisha mtoto chini ya draya. Jumamosi alipozifungua, kichwa kizima kilikuwa kimejikunja vizuri hata msusi mwenzake angedanganyika.

"Usiguse maji mpaka mama yako aondoke na wewe," alimwonya.

"Hata ya kunywa?"

"Ya kunywa kunywa. Ila usicheke ukiwa unakunywa."

Binti alifika saa nne, begi begani. "Shikamoo, mama," alisema, na kabla hajaitikiwa vidole vyake vilikuwa tayari vimo kwenye nywele za mtoto. Vidole vikazunguka, vikapima, vikatoka. Binti akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Mama, nikwambie ukweli. Njia nzima nilikuwa najiandaa kugombana na wewe. Nilikuwa na hotuba kabisa. Kumbe umenisikiliza." Machozi yakamlengalenga. "Baada ya wiki mbili nina semina nyingine. Nitamleta. Na likizo zote, ukitaka."

Hicho ndicho msusi alichokuwa anakitaka kuliko kitu chochote duniani. Kilichobaki ni kunyamaza tu, na hata Chiriku, kwa maajabu ya siku hiyo, alikuwa amenyamaza. Lakini binti alikuwa ameegemeza kichwa, na nyuma ya sikio lake lilionekana kovu la ukubwa wa kidole gumba, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Alilipata akiwa na miaka sita. Miaka ishirini na sita msusi alikuwa akisema kwamba siku ile mtoto alitikisika.

Alichukua chupa ya kunyunyizia maji, akanyunyiza upande mmoja wa kichwa cha Chiriku. Nywele zikajikunjua moja moja, zikalala shavuni.

"Nilimtia," alisema. "Jumanne. Hakuungua, lakini nilimtia. Na wewe siku ile hukutikisika, mwanangu. Nilikuwa napiga soga na mteja, nikaisahau dawa kichwani mwako. Ulitulia kabisa, ukaniita mara mbili."

Binti alipeleka mkono nyuma ya sikio.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu," msusi akakubali. "Nisamehe."

Chiriku akashindwa kujizuia. "Bibi alinipaka chai pia. Ya sukari. Na mayai. Na mayonezi."

Binti alitazama tangazo ukutani, akamtazama mama yake. "Mayonezi? Wewe?"

"Chupa kubwa," alisema msusi kwa unyonge.

Kicheko kilimtoka binti kwa nguvu, hakukitaka, akakifuta pamoja na machozi. Kisha akachukua mkasi mezani, akamkabidhi mama yake. "Kata zote, ziote upya."

"Mimi?"

"Kwani hapa kuna msusi mwingine? Na baada ya wiki mbili, akija, rafu ya juu iwe tupu."

Msusi alimfunga mtoto kitambaa shingoni. Akaujaribu mkasi hewani kwanza, kama mwanafunzi.

"Bibi, ikiniuma nikuite?"

"Niite."

"Mara ngapi?"

"Moja," alisema msusi. "Moja inatosha."