Mzee wa Udon Amehamia Quetta

Uongo wangu wa kwanza niliuandika kwa mkono wa kushoto, mchana kweupe, katika nyumba ya wageni mjini Kashgar, magharibi mwa China, wakati rafiki yangu Goro yuko chooni kwa mara ya nane tangu asubuhi.

Goro nami tumezaliwa Takamatsu, Japani, mtaa mmoja, tukasoma darasa moja, na mwaka ule wa 1995 kila mmoja alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tuliondoka Kobe kwa meli ya bei poa hadi Shanghai, mabegi mgongoni, tukiwa na nia moja tu: kufika Istanbul bila kupanda ndege hata mara moja. Siku ya kuagwa, baba yangu, fundi bomba mwenye mdomo, alitangaza mbele ya shangazi zangu wote kwamba Mitsuo atarudi kabla gunia la mchele la jikoni halijaisha. Shangazi walicheka hadi wakajifuta machozi. Nami nilicheka, lakini iliniuma, na hata nilipofika Kashgar bado ilikuwa inaniuma.

Tulikuwa tumekwama huko wiki tatu tukisubiri theluji iyeyuke, njia ya milimani ya kuingia Pakistani ifunguliwe. Goro alitoka chooni, akajitupa kitandani, akasema neno nililokuwa nikiliogopa.

"Mitsu, mimi narudi nyumbani."

"Acha utani."

"Utani gani? Kondoo asubuhi, kondoo mchana, kondoo jioni. Hata chai inanuka kondoo! Jana nimeota udon ya mama, nimeamka nalamba mto. Narudi, bwana, nimechoka."

Mtu wa Takamatsu bila udon ni mgonjwa. Tambi nene za ngano, supu ya dagaa wakavu, kitunguu kidogo juu: sisi tunakula hivyo asubuhi, tunakula kabla ya mazishi na baada ya mazishi. Nilimwelewa kabisa. Tatizo ni kwamba Kiingereza alikuwa nacho yeye. Mimi nikimwona mgeni tu, mdomo unajifunga wenyewe, na bila Goro nisingeweza kununua hata tiketi ya basi. Akirudi yeye, nimerudi mimi, na gunia la mama lilikuwa halijafika nusu. Niliogopa, lakini ningemwambiaje mwanamume mwenzangu kwamba naogopa?

Sasa, kila nyumba ya wageni ya bei rahisi wanapolala Wajapani, kuanzia Shanghai hadi Istanbul, ina daftari. Anayepita anaandika kwa lugha yetu: basi gani upande, kitanda gani kina kunguni, askari gani wa mpakani anapenda sigara. Hakuna anayetia jina lake halisi, na hakuna anayetilia shaka kilichoandikwa. Tunaliamini daftari kuliko ubalozi. Kwa hiyo Goro aliporudi tena chooni, mara ya nane, nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usinisaliti.

"Gilgit, nyuma ya soko la nguo," niliandika. "Mzee mmoja anapika udon. Tambi zinavutika, supu ni ya dagaa kabisa. Nililia." Nikatia sahihi: Mtu wa Nagoya. Sisi tunaamini watu wa Nagoya hawana hata chembe ya ubunifu wa kumdanganya mtu.

Aliporudi nikamsomea.

"Soma tena hapo pa dagaa," akasema.

Nikasoma.

"Milimani kule, dagaa anawatoa wapi?"

"Nitajuaje mimi? Hutaki, baki. Nitakula na yako."

Njia ilipofunguliwa, Goro ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga begi.

Tulipofika Gilgit, upande wa Pakistani, nilimwacha kituoni na mabegi, nikajidai naenda kukagua vitanda. Nikalikimbilia daftari. "Mzee wa udon amehamia Quetta," niliandika, kushoto tena. "Baridi ya hapa inamuumiza magoti." Goro aliyasoma, akafunga daftari.

"Maskini," akasema. "Magoti."

"Ndiyo uzee huo."

"Quetta ni mbali?"

Nilimwonyesha kwenye ramani, kidole changu kikakata kona mbili kubwa.

Mji uliofuata ulikuwa Rawalpindi. Tulikaa huko zaidi ya wiki tatu tukingoja viza ya Iran, na nikiri kwamba nilikuwa na raha. Wajapani wengine waliokuwa na viza zao tayari walitupita wakielekea Quetta, wakijadiliana kuhusu supu. Uongo wangu ulikuwa umeota miguu! Siku ya nne nikafungua daftari la pale kwa ajili ya kujifurahisha, nikakuta maneno haya: "Nimetoka Quetta. Udon nimekula. Chumvi imezidi kidogo, ila tambi ni safi."

Nikasoma mara tatu. Mzee yule nilimuumba mimi, na magoti yake pia. Huyu amekula wapi?

Wiki ya pili likaja jingine, kwa mwandiko tofauti: "Mwombe akuongezee kitunguu. Usikae karibu na jiko, moshi." Aibu iliyoje! Mate yalinijaa. Usiku nikaanza kuota bakuli, na asubuhi nikawa mimi ndiye ninayemhimiza Goro: viza inachelewa nini, bwana, twende tukawasumbue. Goro alikuwa akiniangalia tu, akikuna kidevu.

Tulishuka treni Quetta mchana. Hatukutafuta sana. Mtaa wa pili kutoka stesheni palikuwa na mgahawa mdogo, na juu ya mlango ubao umeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi za kwetu zilizopinda: UDON.

Niliusoma herufi kwa herufi. Goro alipiga mluzi, akaingia.

Mwenyewe aliitwa Nauruz, Mhazara wa makamo, wa kabila lenye asili ya Afghanistani, na sura yake, ungemweka katika picha ya harusi ya ukoo wetu, hakuna ambaye angeuliza. Magoti yake yalikuwa mazima kabisa. "Japani! Karibuni wanangu!" akapaza sauti. "Udon! Udon!" Kisha, kwa Kiingereza chake na cha Goro, akaeleza. Wiki kadhaa zilizopita walianza kuja vijana wenye mabegi, wakiuliza kitu asichokijua. Aliwafukuza, wakaja wengine. Wakamchorea kwenye karatasi. Mmoja akamwandikia ubao. Mwishowe akasema, njaa ya watu hawa naifukuzia nini, akawapikia tambi za kwao Wahazara: nene, zina mtindi, nanaa na nyama ya kondoo.

"Wenzenu wote hulia," alisema kwa fahari. "Wakionja tu, machozi."

Akaweka bakuli mbili mezani. Mafuta ya kondoo yalielea juu. Niliona nisipokiri sasa nitapasuka.

"Goro, kuna jambo."

"Kula kwanza."

"Ni mimi niliyeandika. Kashgar na Gilgit. Hakukuwa na mzee yeyote."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu Kashgar, mjinga wewe. Darasa la nne ulivunjika mkono wa kulia, muhula mzima ukaandika kwa kushoto. Nani alikuwa ananakili hesabu zako? Mwandiko ule wa kuku naujua hata gizani."

"Na chumvi imezidi kidogo?"

"Yangu hiyo."

"Kitunguu? Moshi?"

"Yangu pia, mwandiko nimeugeuza. Nilitaka kuona kama utajidanganya mwenyewe. Ulipoanza kumeza mate, nilikuwa nauma blanketi nisicheke."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kulikuwa na swali, na sikuweza kulimeza.

"Kama ulijua, mbona hukurudi?"

Goro aliweka kijiko chini. Sura ya utani ilikuwa imemtoka.

"Mkono wa kushoto, mtu wa Nagoya, magoti ya mzee. Umehangaika na yote hayo ili nisikuache. Kuniambia tu 'Goro, naogopa, usiende,' kungekugharimu nini? Nilikuwa nasubiri useme. Nimesubiri kutoka Kashgar hadi hapa."

Kabla sijageuza uso, chozi lilidondoka ndani ya bakuli. Nauruz aliliona. Alipiga makofi, akawageukia wateja wake wote.

"Mnaona? Si nimewaambia? Wote hulia!"

"Mwongezee, baba," Goro akamwambia. "Anaipenda sana."

Akaniongezea hadi pomoni, kipande cha mafuta kikiwa juu. Nikakitazama, nikajifuta pua.

"Goro," nikasema. "Naogopa. Usiniache."

"Haya, kula haraka," akasema. "Basi la mpakani linaondoka saa kumi."