Kopo la Mama Mkwe

Mficha uchi hazai, na Masunga aliujua msemo huo tangu utotoni. Balaa ni kwamba wazee haohao waliomfundisha msemo ndio waliomfundisha pia kumpisha mama mkwe njiani, wasikutane hata macho, sembuse mengine.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka binafsi ya dawa yakichipuka Bariadi kila kona, na kampuni moja ikaleta hospitalini vijikaratasi vya kupima mkojo. Kazi ya vijikaratasi hivyo ilikuwa kugundua kongosho lililovimba ghafla. Unachovya, unasubiri dakika tano, unasoma mistari. Kipimo cha damu kilikuwa lazima kisubiri asubuhi, jenereta liwashwe ndipo mashine ifanye kazi. Daktari Wilhelmina akataka kila mgonjwa wa tumbo la juu apimwe kwa vipimo vyote viwili na majibu yaandikwe sambamba, ijulikane kama vijikaratasi vinaaminika. Kazi hiyo akapewa Masunga, mtu wa maabara, naye akajivuna kwelikweli.

Alasiri moja akaletwa mama kutoka Zagayu, amejikunja, anatapika, maumivu yakipenya hadi mgongoni. Alikuwa Kwandu, mama mzazi wa Ng'washi, mke wa Masunga. Damu aliichukua nesi. Mkojo aliuleta Ng'washi mwenyewe, kopo limefunikwa kwa kitambaa, akaliweka mezani bila kumtazama mumewe usoni.

Jamani, Masunga alishindwa. Siku hiyo alikuwa peke yake maabara. Alilizunguka lile kopo, akanawa mikono, akakaa, akasimama tena. Mkojo wa mama mkwe! Mtu ambaye hajawahi hata kula mbele yake. Mwishowe akaumwaga, na kwenye daftari akaandika: hasi. Alijiambia damu itasema kesho, kuna ubaya gani.

Ubaya ulikuwepo. Kongosho likivimba, tumbo huachwa tupu na mgonjwa hupewa maji ya mshipa. Lakini daktari aliiamini ile hasi, akadhani ni vidonda vya tumbo, akaruhusu mama ale. Ng'washi akamnywesha uji wa maziwa, bakuli zima. Kulipokucha Kwandu hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Asubuhi damu ikasema ni kongosho. Daktari akaamuru dripu, chakula kikasimamishwa, ila akasema wazi kwamba hajui kama mama atapona. Kisha akaweka majibu mawili pamoja palepale kando ya kitanda. Vijikaratasi vimewadanganya, alisema, atavirudisha vyote vilikotoka. Masunga, aliyekuwa ameleta daftari, angeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo. Lakini Ng'washi alikuwa amelishika lile bakuli la uji, analia, anasema yeye ndiye aliyemuua mama yake. Aibu ikampanda Masunga mpaka masikio yakawaka moto.

"Havijadanganya," alisema. "Sikupima. Niliumwaga. Ni mkwe wangu, niliona aibu."

Ng'washi akageuza uso. Kwandu alikuwa ameelekea ukutani, kanga kichwani, kama desturi inavyotaka mkwe akiwa karibu. Sauti yake ilitoka kidogokidogo, nao wakalazimika kuinama wasikie.

"Nilijua ni wewe utakayeupima," alisema. "Nililia kwa aibu, halafu nikakupa."